Hawajambo

Ulipopanda boti Mkoani na bahasha ya eksirei kwapani
hukuniusia nyumba, wala mikarafuu, wala deni la duka.
Uliniusia kuku.
"Kumi na mmoja," ukasema, "wahesabu kila magharibi,
na yule kidimu usimngoje bandani, hulala juu ya mfenesi."

Mimi, miaka thelathini na minne ya ndoa,
kuku nikimjua kwenye sahani.

Kaskazi mwaka huu imeingia Kengeja na hasira ya mdai.
Saa sita mchana bati la banda haligusiki,
mchanga wa uani unauma nyayo,
na kuku wako, Bimize, wamekaa midomo wazi,
mbawa wameziachia mbali na mbavu
kama watu wazima wenye kanzu nzito wanaotafuta upepo kwapani.

Nikaling'oa bati, nikaezeka makuti.
Nikakata mgomba, nikawatandazia vipande vibichi wakanyage baridi.
Gunia la karafuu nikalirovya, nikalitundika upande wa jua,
likakauka, nikalirovya tena;
siku nzima kazi yangu gunia.
Barafu nanunua kwa Mkasi, naitia kwenye chungu chao,
nao huitazama kwa jicho hili, kisha kwa lile,
kama waliopewa noti bandia.

"Hawajambo?" ukauliza.
"Hawajambo. Na wewe?"
"Sijambo."

Jumatano kishingo hakutoka.
Nilimkuta pembeni kajikunyata, choo chake kijani kibichi,
shingo inajipinda yenyewe, nyuma, nyuma zaidi,
kama anayetafuta kitu alichokisahau mgongoni.
Nikalijua jina lake. Kengeja nzima inalijua,
na hakuna anayelitamka kwa sauti: kideri.

Nikatwanga shubiri na pilipili,
nikamfumbua mdomo kwa kidole gumba,
nikamnywesha kwa kijiko chako cha dawa, kile cha waridi.
Naam, kile kile.
Mkasi akasema, mchinje kabla hajafa, usipoteze kitoweo.
Nikashika kisu. Akanitazama.
Nikaenda nacho jikoni, nikamenya papai.

Shaame wa mifugo alikuja na vespa,
chupa ya chanjo ndani ya chupa ya chai, imezungukwa na barafu.
"Huyu hii haimfai," akasema. "Hii ni ya wazima."
Tone moja, jicho moja.
Tukawashika gizani, mimi na kurunzi mdomoni,
na kila moyo chini ya kiganja changu ulikwenda mbio
kama cherehani yako usiku wa kuamkia Idi.

Kishingo alikufa alfajiri.
Yule mtetea wa rangi ya kanga, jioni yake.
Kuchi akafuata siku ya tatu, wima, kaegemea ukuta;
hata kufa, jogoo yule alikufa kwa kiburi.
Niliwazika nyuma ya choo, shimo la mkono mzima, na chokaa juu.
Viatu vya bandani siingii navyo ndani. Ungecheka.

"Hawajambo?"
"Hawajambo. Yale majibu?"
"Bado. Lakini sijambo."
Na nyuma yako mtu anasukuma kitanda cha magurudumu.

Jana kidimu kataga. Ganda jembamba, karibu unaona ndani;
joto hula ganda, Shaame kaniambia.
Nimeliweka kwenye kikombe chako. Sijui kwa nini.

Leo ukapiga kabla ya adhana, usingizi umekukataa.
"Niwekee simu bandani," ukasema, "nimsikie Kuchi akiwika."
Nikasimama na simu mkononi, mlango wazi,
mmoja akijikuna, mwengine akiguna ndotoni.
Ukangoja. Nami nikangoja, kama kwamba angewika.

"Wamebaki wangapi?"
"Wanane."
Ukavuta pumzi, ndefu.
"Majibu yalitoka Jumatatu," ukasema.

Nikakaa pale pale, juu ya pumba na mavi,
simu nimeibana sikioni.
Kidimu akashuka mfenesini kwa kishindo,
akaja, akasimama juu ya mguu wangu, mzito kuliko nilivyodhani.

Haya, nikasema. Nambie.
Nimekaa.